Bei Moja Alivyoipandisha Kesi

Kesi ilihamishwa siku ileile ambayo hakimu alikuwa aisome hukumu. Hukumu yenyewe ilikuwa imeshaandikwa, imeshachapwa, imeshapigwa muhuri, imelala ndani ya jalada mezani. Fundi seremala alikuwa ameshinda. Na aliyelifanya jalada lile lifungwe bila kusomwa hakuwa adui yake. Alikuwa yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele za watu, akiwa na akili zake timamu.

Watu walimwita Bei Moja, na jina hilo alilipata kwa jasho. Ukienda karakana kwake kuagiza mlango, anakusikiliza, anafikiri kidogo, anakutajia bei. Ukimwambia apunguze, hagombi nawe. Anachukua penseli iliyo sikioni na kurudi kwenye ubao wake kana kwamba umeshaondoka. Hata mama mkwe wake alipotaka kabati alilipa bei ya watu wote, akakaa miezi mitatu bila kumpigia simu. Lakini kabati lile mpaka leo milango yake inafungika kwa kidole kimoja, na mama mkwe akiwa na wageni hulifungua bila haja yoyote.

Karakana ilisimama kwenye nusu ya kiwanja. Nusu nyingine ilikuwa na nyumba ya kaka yake. Kiwanja walikinunua pamoja miaka kumi na minne nyuma, kila mmoja akatoa nusu ya pesa, na hati ikaandikwa jina la mkubwa kwa sababu ndiye mkubwa. Nani atamwambia kaka yake wa tumbo moja, "Kaka, hebu tuandikiane"? Ni sawa na kumwambia usoni kwamba unamwona mwizi. Hawakuandikiana. Kaka akaishi na neno lake, akafa nalo.

Alipofariki, mjane wake alikaa mwaka mzima bila kusema kitu. Huyo ndiye shemeji. Watoto wake watatu waliendelea kupita karakana wakitoka shule, wakaita "Baba Mdogo, shikamoo," wakaokota vipande vya mbao vya kuchezea. Kisha akaja kaka yake shemeji, muuza saruji, mtu wa simu mbili na kicheko kinachotangulia maneno. Aliisoma hati, akakitazama kiwanja, akamwambia dada yake kwamba karatasi ina jina moja tu. Wiki iliyofuata Bei Moja aliletewa barua ya kumtaka ahame.

Hakwenda kugombana. Alikwenda mahakamani.

Mahakama ndogo ilikuwa chumba kimoja chenye mabenchi manne na dirisha lililokosa kioo kimoja. Kizimba cha mashahidi kilitikisika kila mtu alipokiegemea. Bei Moja alikiangalia akaona misumari mitupu, hakuna kiungo hata kimoja cha maana, akajisemea moyoni kwamba aliyekitengeneza ndiye angestahili kushtakiwa kwanza. Mezani alikaa karani, mwanamke wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa uzi.

"Thamani ya unachodai?"

"Ni nusu ya kiwanja, na karakana iliyo juu yake."

"Sijakuuliza ni nini. Nimekuuliza ni kiasi gani." Akavaa miwani amtazame vizuri. "Sikiliza, kaka yangu. Mahakama hii ina kimo chake. Mali ikizidi kimo hicho, hakimu wetu hana mamlaka nayo, kesi inapanda juu. Na huko juu kuna mawakili, kuna foleni, kuna njoo mwezi ujao. Kiwanja mlinunua kwa kiasi gani?"

Akamtajia.

"Na wewe ulitoa nusu. Basi andika hiyo nusu."

"Hiyo ni bei ya miaka kumi na minne iliyopita, mama. Na karakana je?"

"Ndiyo uliyolipa, au siyo?"

"Ndiyo."

"Basi hujasema uongo. Andika, mwenzako anasubiri."

Aliandika, lakini roho ilimkwaruza. Tangu aanze kazi hajawahi kuandika bei ya kitu chake ambayo haikuwa bei ya kitu hicho. Alitoka pale akijiona kama mtu aliyepaka rangi juu ya ufa.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Siku ya kwanza alijieleza mwenyewe, bila wakili, kwa maneno yake ya karakana, na hakimu akamsikiliza. Hakimu alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kikohozi, aliyeandika kila kitu kwa mkono. Siku ya pili akaja shahidi.

Shahidi alikuwa mwashi aliyejenga msingi wa ile nyumba na ule wa karakana. Alikuwa ameshaacha kazi, mgongo umepinda kama mpini wa jembe la zamani, lakini kichwa kilikuwa bado kimenyooka. Aliingia kizimbani, kizimba kikatikisika, akakishika kwa mkono mmoja kukituliza kama mtu anayemtuliza mbuzi.

"Ulilipwa na nani?" hakimu akauliza.

"Nililipwa na mikono miwili, mheshimiwa. Mkono huu ulikuwa wa marehemu, mkono huu wa huyu mdogo wake. Sawasawa, mpaka sarafu ya mwisho. Huyu mdogo alihesabu mara mbili."

Watu wakacheka.

"Ulijuaje kwamba kiwanja ni cha wote wawili?"

"Mimi ndiye niliyepima. Marehemu alisema, fundi, vuta kamba katikati. Nikavuta. Akasimama upande huu akasema, hapa kwangu. Akamshika mdogo wake bega akamvutia upande ule, akasema, hapa kwako, na mimi nikifa usihamishwe. Nikamwambia, bwana, tunajenga, wewe unazungumza habari za kufa? Akasema, andika kichwani, fundi, kwa sababu sisi hatutaandika mahali pengine. Basi nikaandika kichwani. Ndiyo hiki nimekuja nacho."

Hakimu aliacha kuandika, akamtazama mwashi muda kidogo, kisha akaandika tena. Bei Moja hakujua sheria, lakini alijua mteja anapokuwa ameshakubali. Uso wa hakimu ulikuwa hivyo.

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya shemeji. Alisimama na mtandio mweusi, mikono imekamata ukingo wa kizimba. Alizungumza kwa sauti ya chini juu ya watoto, juu ya ada, juu ya hati. Yote hayo Bei Moja aliyavumilia, kwa sababu yalikuwa kweli. Kisha shemeji akatupa jicho kwenye benchi alipokaa muuza saruji, akasema:

"Na zaidi ya hayo, mheshimiwa, pale hakuna hata kitu cha kugombania. Ni kibanda tu. Mbao zilizooza na mabati ya kuokota. Marehemu mume wangu alimhurumia mdogo wake, akampa pa kujikinga na mvua."

Benchi la nyuma likacheka. Muuza saruji akacheka zaidi ya wote. Hakimu akakohoa, akapanga hukumu baada ya wiki mbili.

Neno kibanda lilimfuata Bei Moja mpaka nyumbani likaingia naye mlangoni. Alikaa mezani, mkewe akamwekea chakula, hakukigusa.

"Kibanda," akasema.

"Nimesikia. Nilikuwepo."

"Nguzo zile nilizikausha miaka miwili kabla ya kuzisimamisha. Miwili! Paa lile halijavuja tone. Mashine ya randa, msumeno wa meza, meza ya kazi ambayo wanaume wanne hawaiinui. Halafu nasikia kibanda."

"Baba Watoto, wao wanasema kwa sababu wanashindwa. Mtu anayezama hushika maji."

"Wewe unaona ni kibanda?"

"Mimi naona chakula kinapoa."

Kesho yake alikwenda kwa mthamini, bwana mmoja mwenye ofisi juu ya duka la dawa, anayepima nyumba za watu wanaotaka mikopo. Mthamini alifika na kamera na kitabu, akakaa siku nzima. Aligonga nguzo, akahesabu mabati, akapima ardhi kwa bei ya siku hizi, maana barabara ilikuwa imeshafika na kila mwenye kiwanja alikuwa ameamka. Alitoa ripoti ya kurasa kumi na mbili yenye jalada la plastiki. Bei Moja alipoiona ile namba ya mwisho alikaa chini. Hakuwahi kujua kwamba yeye ni mtu wa namba kama ile.

Mkewe aliisoma naye, kisha akasema pole pole, "Hii iache kabatini."

"Kwa nini?"

"Karani alikuambia nini siku ya kwanza? Mahakama ina kimo. Hii imeshapita dari."

"Sitaki hakimu aongeze kitu. Nataka aione tu. Nataka iwe imesomwa pale, mbele ya wale waliocheka."

"Ukishashinda si watakuwa wamejibiwa?"

"Nitakuwa nimeshinda kibanda."

Mke akamtazama kama mtu anavyoitazama mvua ambayo imeshaamua kunyesha.

Siku ya hukumu mabenchi yalijaa. Hakimu aliingia, akalifungua jalada, akashika karatasi za juu kwa ncha za vidole. Bei Moja akasimama.

"Mheshimiwa, kabla hujasoma, nina karatasi moja ningependa uipokee."

Hakimu akainua macho. "Ushahidi umefungwa. Karatasi ya nini?"

"Ya thamani ya karakana yangu. Imepimwa na mtaalamu."

Karani alimtazama Bei Moja, akatikisa kichwa kidogo sana, kama mama anayemkataza mtoto mbele ya wageni. Hakimu akaweka chini zile karatasi. Alikohoa, akanywa maji, akajifuta mdomo. Alikuwa anampa muda, na hata mjinga angeona.

"Mdai," akasema, "nisikilize kwa makini. Hukumu yangu nimeshaiandika, hii hapa. Hiyo karatasi iliyo mkononi mwako mimi sijaisoma. Ukikaa chini nayo sasa hivi, haipo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mheshimiwa."

"Basi nitakuuliza swali moja, na jibu lako nitaliandika. Siku ya kwanza uliandika thamani ya unachodai. Je, mali hii thamani yake ni ile uliyoandika, au ni nyingine?"

Bei Moja akafungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: ni ile. Maneno mawili, herufi tano. Lakini kwenye benchi la pili muuza saruji aliinama sikioni mwa jirani yake, akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Kibanda kina mthamini siku hizi," na mabega yao yakatikisika.

"Ni hii, mheshimiwa," Bei Moja akasema, akainua ripoti juu. "Mimi sina bei mbili."

Hakimu akanyoosha mkono, akaipokea, akageuza mpaka ukurasa wa mwisho, akaitazama namba. Akalifunga jalada.

"Mahakama hii haina mamlaka juu ya mali ya thamani hii," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kazi tu. "Mdai mwenyewe amekiri mbele yangu. Nikisoma hukumu hii leo, upande wa pili wataipeleka juu kesho na itafutwa kabla ya chakula cha mchana. Shauri linahamishiwa mahakama ya juu. Litasikilizwa huko upya, tangu mwanzo."

"Upya vipi, mheshimiwa? Na yale aliyosema mwashi?"

"Atakwenda kuyasema tena."

Nje, kwenye ngazi, karani alimfuata akiwa amevua miwani. Hakupaswa kusema, lakini alisema.

"Ulikuwa umeshinda, baba. Niliichapa kwa mikono yangu. Nusu ya kiwanja na karakana yako, usibughudhiwe maisha."

Watu husema majuto ni mjukuu. Kwa Bei Moja mjukuu huyo alizaliwa palepale kwenye ngazi, akiwa na meno.

Jalada lilifungwa kwa kamba likapelekwa mjini. Lilichukua miezi mitano kufika mahali ambapo mtu akipanda basi asubuhi anafika kabla ya jua kuwa kali. Bei Moja alikwenda kuliulizia, akaambiwa halijafika. Akaenda tena, likawa limefika lakini halijapewa namba. Akaenda tena, likawa na namba lakini halina jaji. Mahakama ya juu ilikuwa jengo la ghorofa, sakafu inang'aa, na kizimba chake kilikuwa kazi safi ya mninga. Alipitisha mkono kwenye kiungo chake bila kutaka. Hakikutikisika hata kidogo. Na hicho nacho kilimtia hofu.

Huko huwezi kujieleza kwa maneno ya karakana. Alitafuta wakili, kijana mwenye viatu vya ncha ndefu, aliyemwambia mambo matatu: kwamba kesi ni nzuri, kwamba kesi ni ngumu, na kwamba anaanza kazi akilipwa. Bei Moja aliuza mashine ya randa. Mnunuzi alitaja bei, akataja nyingine chini yake, na Bei Moja, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi, akasema, "Haya, chukua." Mnunuzi mwenyewe alishtuka. Alikuwa amejiandaa kubishana.

"Yale maneno ya mwashi yameandikwa kule chini," Bei Moja alimwambia wakili. "Hakimu aliyaandika kwa mkono. Kwa nini jaji asiyasome tu?"

"Atayasoma kama upande wa pili wakikubali."

"Na wakikataa?"

"Wewe ungekuwa wao, ungekubali?"

Alifikiri. "Nisingekubali."

"Basi. Tunza shahidi wako."

Wakakataa kweli. Shahidi akatunzwa. Kila mwezi Bei Moja alipita kwa mwashi na kilo mbili za sukari. Mwanzoni walizungumza habari za misingi na saruji. Baadaye mwashi akaanza kuuliza swali moja mara mbili, kisha mara tano. Kesi ilipopangwa hatimaye, mwaka na miezi saba ilikuwa imepita, na binti wa mwashi ndiye aliyefungua mlango.

"Baba siku hizi ana siku zake, mjomba," akasema. "Akiamka vizuri atakujengea nyumba kwa maneno, utaingia na kulala. Akiamka vibaya, ananiita mama yake."

"Leo ameamkaje?"

"Leo ameoga mwenyewe. Jaribu bahati yako."

Na kweli, ndani ya basi mwashi alikuwa mzima. Alieleza kamba, alieleza mikono miwili, alieleza bega lililoshikwa. Kwenye korido ya mahakama alieleza tena, mpaka wakili akatabasamu kwa mara ya kwanza. Waliitwa saa sita kasoro. Mwashi akaingia kwenye kile kizimba imara, akakishika kwa mkono mmoja kukituliza, na kilipokuwa hakitikisiki akakitazama kwa mashaka, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Mzee wangu," wakili akaanza, "mwenye kiwanja unamfahamu?"

"Namfahamu vizuri."

"Yuko wapi?"

"Si yule pale?" Akamnyooshea kidole Bei Moja. "Nimejenga naye."

Wakili akafurahi, akaharakisha. "Na alikuwa na ndugu yake, siyo? Walichanga pamoja?"

"Alikuwa na mdogo wake." Uso wa mwashi ukabadilika, ukawa na huzuni ya kweli. "Maskini. Alikufa. Nilikwenda kumzika mwenyewe. Seremala mzuri sana yule kijana."

Kalamu zikasimama. Wakili akageuza swali mara tatu, na kila alipoligeuza mwashi alizidi kuwa na uhakika: mkubwa yuko hai, amekaa pale, kiwanja ni chake, mdogo, yule seremala, ni marehemu. Bei Moja alikaa kwenye benchi lake akiwa ameshazikwa. Alitaka kusimama aseme mimi niko hai, mzee, niangalie, lakini huko huwezi kusimama tu ukasema. Na hata angesema, mwashi hakuwa anadanganya. Alikuwa anafungua kichwa alichoambiwa aandike humo, akisoma kilichobaki.

Wakili wa shemeji aliinuka, akasema hana swali, akakaa. Muuza saruji alikuwa na kicheko tayari mdomoni. Shemeji alimgeukia, akamtazama mara moja, na kicheko kile kikarudi kilikotoka.

Kwenye korido mwashi alimshika Bei Moja mkono kwa mikono yake miwili migumu.

"Pole sana kwa mdogo wako," akasema. "Alikuwa mkaidi, lakini fundi."

"Asante, mzee," Bei Moja akajibu. Angejibu nini kingine? "Na mimi namlilia."

Jaji alichukua miezi mitatu kuandika. Alikuwa mwanamama mwenye sauti safi, na hakumdharau mtu. Alisema inawezekana kabisa ndugu wawili walichanga, na inawezekana neno lilitamkwa pale kwenye msingi, lakini mahakama haiamui kwa inawezekana. Hati ilikuwa na jina moja. Shahidi pekee alimtaja aliye hai kuwa marehemu. Kiwanja chote kikawa cha mirathi ya kaka. Mdai aondoe jengo lake ndani ya siku tisini, vifaa ni vyake.

Wakati watu wanashuka ngazi, shemeji alimwacha kaka yake na simu zake akaja kusimama mbele ya Bei Moja. Walikuwa hawajasemezana tangu barua ile.

"Shemeji."

"Nakusikia."

"Lile neno la kibanda nilifundishwa. Niliambiwa nikipunguza thamani yake hakimu hataona sababu ya kukupa. Sikujua litakuuma hivi."

"Halikuniuma mimi tu. Limekula karakana nzima, mpaka kaka yako amepata kiwanja."

"Amepata. Tumeshakubaliana nimuuzie upande wako. Ataweka stoo ya saruji." Akavuta mtandio. "Ile siku kule chini nilikuwa nakuombea ukae. Wallahi nilikuwa nakuombea. Hakimu alikuuliza swali jepesi, mtoto angejibu. Ungesema tu ni ile ya kwanza, sote tungerudi nyumbani."

"Wewe mwenyewe unaona pale palikuwa kibanda?"

"Shemeji, kitanda nilichowazalia wanao watatu kilitoka pale. Halafu unaniuliza?"

"Basi kwa nini nikubali?"

"Kwa sababu ilikuwa ya kusema, si ya kuamini."

Bei Moja alilifikiria neno hilo ndani ya basi, njia nzima. Aliona ni neno la akili. Aliona pia kwamba hata angeambiwa kabla, asingeliweza. Kuna watu wanaoweza kuishusha bei ya kitu mdomoni huku moyoni wakiibakiza palepale, na hao ndio wanaomaliza kesi mahakama ya chini. Yeye mdomo wake na moyo wake vilitengenezwa kwa ubao mmoja. Hakujisifu kwa hilo. Alikuwa ameona linakopeleka mtu.

Karakana aliibomoa mwenyewe, na mkewe akimpokelea misumari kwenye ndoo. Ilichukua siku kumi na moja kwa sababu viungo vilikataa kuachana.

Gharama yake ilikuwa hivi. Miaka miwili na mwezi mmoja, kuanzia siku aliyoinua ile ripoti mpaka bati la mwisho lilipong'oka. Safari kumi na tisa za mjini, na sita kati ya hizo alifika akaambiwa jaji hayupo. Mashine ya randa na msumeno wa meza, vyote vilikwenda kwa wakili. Wafanyakazi wawili, mmoja anauza viatu, mwingine hajulikani aliko. Mbao thelathini na mbili za ukuta, zilizopasuka wakati wa kubomoa. Meza ya kazi, iliyokatwa vipande viwili kwa sababu haikupita kwenye mlango wa chumba alichopanga. Kodi ya chumba hicho, kila tarehe moja. Watoto watatu wa kaka yake, ambao siku hizi wakikutana naye barabarani husema shikamoo bila kusimama. Na ardhi, hatua kumi na nane kwa hatua ishirini na tano.